Jani la Isale kutoka Makumbusho

Dada yangu alifika London mwezi wa kumi akiwa na begi moja na swali moja. Begi tulilifungua siku hiyohiyo jikoni kwangu, Tottenham. Swali alilishikilia kwa siku tatu, eti nipumzike kwanza, ingawa aliyesafiri ni yeye.

Begi lilikuwa limepangwa na mtu anayejua kupanga. Chini kabisa unga wa ulezi, mfuko ndani ya mfuko ndani ya mfuko. Juu yake ndizi kavu. Juu ya ndizi, kahawa ya shambani kwetu Kilimanjaro, kutoka kwenye mibuni aliyoipanda baba kabla sijazaliwa. Juu kabisa vitenge vya mke wangu, ili afisa wa forodha akifungua aone vitenge, achoke, afunge. Afisa hakufungua. Dada alikasirika kidogo kwamba kazi yake yote haikuonwa na mtu.

Tukiwa njiani kutoka uwanja wa ndege, basi lilinasa kwenye foleni mbele ya jengo moja la ofisi. Dada akabandika uso kwenye dirisha.

"Aisee! Hawa nao wana masale?"

Kweli, ndani ya jengo, pembeni ya meza ya mapokezi, kulikuwa na vyungu vinne vikubwa vya isale: majani marefu ya kijani yenye mstari wa njano katikati. London nzima imejaa mmea huo. Uko benki, uko kwa daktari wa meno, uko kwenye kila korido ambako mtu anasubiri kuitwa. Kwetu Uchaggani isale haliwekwi kupendezesha korido. Tunalipanda mpakani, na tunalipanda kuzunguka makaburi. Na mtu aliyekukosea akikujia na jani la isale lililofungwa fundo, huna la kusema. Unalipokea na unasamehe. Anayelikataa anahesabiwa kuwa na kosa kubwa kuliko yule aliyekosa.

"Nani kamkosea nani humo ndani?" dada aliuliza.

"Ni mapambo tu, dada."

"Mapambo." Alilirudia neno hilo kama mtu anayerudisha daftari lenye makosa. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kwa maoni yangu bado hajaambiwa kwamba amestaafu.

Siku ya nne, tukinywa chai, alitoa swali.

"Desemba hii unakuja kumwaga, au huji?"

Nieleze kidogo. Kila Desemba Wachagga wa kila pembe ya dunia hurudi mlimani, na siku moja baada ya Krismasi ukoo wetu hukutana kwenye kihamba cha baba, yaani shamba lake la migomba, mahali alipozaliwa na alipozikwa. Mtoto wa kiume wa kwanza husimama kaburini na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Huwaita baba na mababu mmoja mmoja kwa jina, huwapa habari za mwaka, kisha humwaga. Hilo ndilo tambiko letu. Mtoto wa kiume wa kwanza ni mimi. Niliifanya kazi hiyo mara moja, mwaka uliofuata kifo cha baba, kisha sikurudia tena. Tangu hapo baba mdogo ndiye anayemwaga badala yangu.

"Baba mdogo amechoka," dada alisema. "Macho hayaoni, magoti hayakunjiki. Amesema mwaka huu hasimami. Usipokuja wewe, kibuyu kinakwenda kwa binamu kule juu, na ukoo unakifuata. Na kikishahamia kule, hakuna wa kukirudisha."

Mengine niliyajua. Anayeishi kwenye nyumba ya baba ni yeye. Yeye ndiye anayepika mbege, anayefagia uwanja, anayeazima viti kanisani. Kibuyu kikihama, siku hiyo ya Desemba atakaa peke yake kwenye uwanja uliofagiliwa.

Jibu langu lilikuwa tayari. Nimesoma vyuo vikuu viwili, na kwa muda mrefu nimekuwa mwandishi wa makala, kwa hiyo majibu ninayo mengi kuliko maswali ninayoulizwa. Nilimweleza kwamba kwangu ni suala la kanuni. Siwezi kusimama mbele ya watu kufanya jambo ambalo akili yangu hailikubali. Huo ungekuwa unafiki, na baba hakupenda unafiki. Nikaongeza kwamba niliwahi kuandika makala nzima juu ya suala hilo, na kwamba ilisomwa sana. Ilisomwa na watu kumi na wawili, lakini baadhi yao waliisoma mara mbili.

"Tena mimi ni Mkristo," nilimalizia.

"Wewe? Mara ya mwisho ulipoingia kanisani ulikuwa umebebwa."

Mke wangu alikumbuka kwamba ana zamu hospitali, akaondoka saa moja kabla ya wakati.

Nilipomwalika dada aje nasi makumbusho Jumamosi ile, basi, sikuwa na nia safi kabisa. Tuna kikundi chetu cha watu wanane hivi tunaozungumza Kiswahili, kila mmoja na Kiswahili cha kwao: wa Mombasa, wa Unguja, wa Kongo, na sisi wa Bara tunaoambiwa kwamba hatukijui. Mara moja kwa mwezi tunakwenda mahali fulani na mmoja wetu anaongoza. Zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimechagua maonyesho juu ya Wameksika, watu waliojenga mji wao ziwani, pale ulipo mji mkuu wa Meksiko leo, na juu ya sadaka walizozika chini ya hekalu lao kuu. Nilitaka dada aone jinsi mtu aliyesoma anavyozungumza juu ya mambo kama haya: kwa heshima, na kwa umbali. Hasa umbali.

Niliandaa kurasa sita, na vichwa vya habari nikavipigia mstari.

Mambo yalianza vizuri, nalisema hilo bila aibu. Kuongoza watu kwenye makumbusho ni kazi ninayoiweza. Najua mahali pa kusimama ili kila mtu aone, na najua kupunguza sauti mbele ya kitu cha kuogofya. Mbele ya visu vya jiwe la gumegume niliipunguza sana. Vilikuwa vimebandikwa macho na meno ya kombe, hata kila kisu kikawa na uso, na vingine vinafanana na watu walioudhiwa.

"Na watu je?" aliuliza mama mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, mwenye duka Kilburn. "Nimeona fuvu kule nyuma. Mbona umelipita mbio?"

"Nilikuwa nafika huko, mama."

"Fika basi, miguu yaniuma."

Nikafika. Nikasema kwamba ndiyo, walitoa na watu, na kwamba sitalipaka sukari jambo hilo. Lakini ukilitazama hilo peke yake utatoka hapa hujawaona. Waliamini kwamba jua linakula, mvua inakula, ardhi inakula, na kwamba binadamu anayeishi bila kurudisha chochote ni mgeni asiye na adabu. Nilisema vizuri. Hata wageni wawili wasiojua Kiswahili walisogea kusikiliza. Dada alikuwa nyuma, mkoba kifuani, macho kwangu. Nikadhani nimemgusa.

Kilele cha maonyesho kilikuwa sanduku la mawe, sadaka moja nzima iliyopangwa upya ndani ya kioo kama ilivyokutwa ardhini baada ya zaidi ya miaka mia tano. Chini mchanga wa bahari. Juu yake makombe, matumbawe, na pua ya samaki yenye meno kama msumeno. Halafu shanga za jiwe la kijani, na mabonge ya utomvu ambao wao waliuchoma kama sisi tunavyochoma ubani. Juu mifupa ya tai, na juu kabisa visu.

"Kiti cha pweza!" mama wa Kilburn aliita, akionyesha mnyama mwenye ncha tano aliyekauka mchangani. "Hiki chatoka pwani. Hawa si walikaa kwenye ziwa la milimani?"

"Vililetwa kutoka baharini," nilisema, "kwa miguu, siku nyingi za kupanda."

"Kwa nini visiwe vya karibu?"

Nilianza kutafuta ukurasa wa nne. Dada alinitangulia.

"Kwa sababu kitu cha karibu kila mtu anacho," alisema. Alikuwa amesogea hadi kwenye kioo na ameinama kama anayekagua sufuria. "Tazama alivyopanga. Huyu hakutupia tu. Bahari ameiweka chini, ardhi katikati, ndege juu. Amewapa dunia nzima kwenye sanduku moja. Na hapa pembeni amebana shanga ili zisiteleze." Akanigeukia. "Alikuwa nani?"

"Nani?"

"Aliyepanga."

Nikasoma kadi ya maelezo. Ilisema sadaka iliwekwa, sanduku lilifunikwa, hekalu likapanuliwa juu yake. Nani aliweka, haikusema.

"Haijulikani, dada."

"Lakini alikuwepo. Na nyuma yake alikuwepo mtu wa kumpokeza vitu kimoja kimoja. Huwezi kushuka shimoni na tai mkononi."

Watu walicheka, wakamsogelea, na ghafla wote wakawa wanaangalia vidole vya mtu asiyekuwepo. Mama wa Kilburn akaeleza kwamba kwao huwekea miungu matunda asubuhi, baada ya sala huyagawana na kuyala, na mjukuu wake anasali sana zikiwa embe. Kikundi kilikuwa kimechangamka, ila mwongozaji sikuwa mimi tena.

Nikajikusanya, kwa kuwa bado nilikuwa na ukurasa wa sita. Niliusoma wote kwa sauti imara, juu ya haki ya kila taifa kuheshimiwa katika kile linachokiona kitakatifu, nikakunja karatasi, nikawatazama.

"Asanteni kwa kunisikiliza," nilisema. "Kama kuna maswali, karibuni."

Dada alicheka. Kilianza kicheko kidogo cha puani, alichojaribu kukizuia kwa mkono. Kisha kikamshinda. Akashika ukingo wa kioo, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka, na wengine, bila kujua kinachochekwa, wakaanza kucheka pia.

Mimi nilijua. Kicheko kile nilikuwa nimekisikia mara moja tu, miaka kumi na minane nyuma, kwenye kaburi la baba.

Mara ile moja niliyomwaga, nilikuwa nimetoka chuoni na shahada mpya. Sikuyaamini maneno ya kukariri. Niliyaandika: kurasa mbili, zina utangulizi na hitimisho. Nilisimama mbele ya ukoo mzima, kibuyu mkono wa kushoto, karatasi mkono wa kulia, nikawasalimu mababu zangu kwa "Mabibi na mabwana". Nilipofika mwisho wa ukurasa wa kwanza nilihitaji mkono wa kugeuza, nikainamisha kibuyu, na mbege ya baba ikaenda yote kwenye viatu vyangu. Niliendelea kusoma, nimelelewa kumaliza nilichoanza. Na nilipomaliza, mdomo wangu, kwa mazoea ya vyumba vya semina, ukawaambia marehemu wa ukoo wetu wa vizazi vitano: "Asanteni kwa kunisikiliza. Kama kuna maswali, karibuni."

Palikuwa na kimya. Kisha mtu mmoja alicheka, na baada yake mlima mzima. Aliyeanza alikuwa dada, aliyesimama nyuma yangu na kata ya kuongezea mbege.

Mwaka uliofuata nilikuwa na kazi nyingi. Uliofuata huo, vilevile. Mwaka wa nne nikagundua kwamba nina kanuni, na wa tano nikaiandikia makala.

Sijui uso wangu ulionyesha nini pale mbele ya sanduku. Najua tu kwamba dada aliinua macho, akaniona, na kicheko kikakatika katikati. Alinitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anahesabu miaka.

Tulishuka mkahawani. Wengine walikwenda kwenye foleni ya chai, mama wa Kilburn mbele, akilalamika kwamba keki ya humu ni ndogo na ina kiburi. Mimi nilikaa mezani na kurasa zangu sita. Dada hakukaa. Alikwenda hadi kwenye pembe ya ukumbi, penye chungu kikubwa cha isale, na kabla sijaelewa anachofanya alikuwa amechagua jani, amelivuta kwa chini kama mtu anayejua mahali linapoachia, na amelikwanyua.

"Samahani, mama!" Mhudumu, kijana mwenye beji na redio kiunoni, alikuja haraka. "Mimea haikatwi."

Dada alimjibu kwa Kiingereza cha darasani, kila neno limesimama peke yake: "Dakika moja, mwanangu. Nina shughuli."

Kisha akaja mezani. Alilifunga jani fundo moja katikati, taratibu. Alininyooshea kwa mikono miwili na akainama kidogo, yeye, dada yangu mkubwa, aliyenifungia viatu siku ya kwanza ya shule.

"Mdogo wangu," alisema. "Siku ile nilicheka."

"Dada, acha. Yalikwisha."

"Yangekwisha ungekuwa unakuja nyumbani. Miaka yote hii nasema umesoma, umetuona washamba. Ukoo mzima nimewaambia hivyo. Kumbe ni mimi. Ulikuwa umesimama kwa baba, na mimi niliyekuwa nyuma yako nikushike, nikakucheka. Na leo tena, mbele ya watu wako. Pokea."

Nilitaka kusema jambo lenye akili. Nilitafuta kanuni yangu na kuikuta imekaa kimya, kama mgeni anayejua kwamba anazungumziwa. Mtu anaweza kubishana na mila kwa kurasa sita. Ila hili lilikuwa jani, limeshikwa na mikono miwili, na tangu nizaliwe sijawahi kusikia Mchagga aliyelikataa akabaki na heshima yake.

Mhudumu alikuwa bado amesimama, akisubiri kuelezwa.

"Ni jambo la kidini," nilimwambia kwa Kiingereza. "Ananiomba msamaha. Kwetu inatakiwa jani hili hasa."

Kijana alitazama jani, akamtazama dada, akainua macho hadi bango kubwa la maonyesho lililoning'inia juu yetu, lenye kisu chenye macho. Kwa haki yake niseme kwamba alifikiri.

"Basi liwe hilo moja tu," alisema, akaenda zake.

Nilisimama na kulipokea. Mkono mmoja ulikuwa bado na karatasi, nikaziacha zianguke, maana jani la isale halipokelewi kwa mkono mmoja. Mama wa Kilburn alifika na sinia lake, akatutazama tumeshikana mikono juu ya kipande cha mmea wa makumbusho, akaweka chai chini.

"Nyinyi watu wa Bara," alisema. "Nikiwaacha dakika tano tu."

Kwenye treni, laini ya Victoria, dada alinifundisha majina. La baba nilikuwa nalo, na la babu. La tatu lilinitoka kila mara kati ya kituo na kituo. Nilipotoa kalamu alinipiga kofi mkononi.

"Huandiki."

"Nikisahau?"

"Mimi niko nyuma."

Desemba nilikwenda. Nilivaa viatu vya zamani, kwa tahadhari. Uwanja ulikuwa umefagiliwa, viti vya kanisani vimejaa, na baba mdogo ameketi mbele kabisa, macho meupe, ameegemea fimbo. Nilimwita baba, nikamwita babu, kisha nikasimama kwenye jina la tatu kama gari lililoishiwa mafuta. Nyuma yangu dada alikohoa, na ndani ya kikohozi kulikuwa na jina. Nikaendelea. Niliwaambia mababu habari za mwaka: nani amezaliwa, nani amekufa, kwamba baba mdogo amepumzika. Niliwaambia kwamba nimechelewa. Kisha nikamwaga, yote ardhini, isipokuwa tone moja lililoangukia kiatu.

Palikuwa na kimya kilekile. Nilikijua, na nilikuwa nimekiogopa kwa miaka kumi na minane. Baba mdogo alisafisha koo.

"Haya," alisema, akigeuza uso usioona kuelekea sauti yangu ilikokuwa. "Na leo hatupewi nafasi ya maswali?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Niligeuka nikamtazama dada. Alikuwa amebana midomo, kata mkononi, machozi yanamlenga, ananisubiri. Basi nikaanza mimi.